Bao Halijaishinda Kompyuta

Kuna sentensi moja imenichosha. Nimeisikia kwenye mijadala ya vitabu Dar es Salaam, nimeisoma kwenye makundi ya WhatsApp ya wapenzi wa fasihi, na siku moja nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikaipigia makofi mimi mwenyewe: "Kompyuta imemshinda bingwa wa dunia wa sataranji, lakini bao la Kiswahili limeishinda kompyuta." Ukumbi ukalipuka. Watu wakagongeana viganja. Tukaenda kunywa chai tukiwa tumevimba vichwa.

Leo naomba niseme kinyume, na najua sitapendwa. Bao halijaishinda kompyuta. Kompyuta haikuja barazani ikaketi, ikacheza na mabingwa wetu, ikanyanyuka kwa aibu. Haikualikwa. Sisi ni kama timu inayojisifu kwamba haijawahi kufungwa goli, kumbe haijawahi kushuka uwanjani. Na sifa hiyo ya bure inafunika jambo ambalo lingetutia uchungu kama tungelitazama vizuri: wachezaji wetu wakubwa wanakufa na michezo yao, na hakuna anayeandika.

Ili tuelewane, inabidi kwanza tuone kompyuta inaanzaje mchezo wa sataranji, chesi kwa vijana wa mjini. Wengi wanadhani mashine ikikaa mbele ya ubao inapiga mahesabu ya kutisha, halafu inasogeza askari wake wa kwanza kwa hekima isiyo ya dunia hii. Wapi! Kwa sehemu kubwa ya historia yake, kompyuta ya sataranji mwanzoni mwa mchezo haikuwa inafikiri hata kidogo. Ilikuwa inadesa. Aliyesoma Tanzania hahitaji kuelezwa neno hilo. Unaingia chumba cha mtihani na majibu ya mtu mwingine kichwani, unayamwaga kama yalivyo, na mwalimu anadhani una akili.

Sababu ya kudesa inaeleweka. Mwanzoni mwa sataranji mchezaji ana hatua 20 za kuchagua. Mpinzani naye ana 20, kwa hiyo wakishacheza mara moja kila mmoja, tayari kuna njia 400. Wakicheza mara mbili kila mmoja, njia zinafika 197,281. Na katika njia zote hizo karibu hakuna kilichotokea. Vipande vingi vipo, hakuna aliyeumia, hakuna pengo la kulenga. Ubaya wa hatua ya tatu unaweza kuonekana kwenye hatua ya ishirini. Mashine za zamani, zilizoweza kutazama hatua chache tu mbele, zilikuwa kama mtu aliyewasha tochi ndogo katikati ya shamba la migomba usiku: anaona mgomba ulio mbele yake, njia haioni.

Basi watu wakaipa mashine kitabu. Wanakiita kitabu cha ufunguzi, na si lugha ya picha, ni kitabu kweli, ila kimepangwa kwa namna ya kompyuta. Kila mpangilio wa vipande ubaoni unageuzwa kuwa namba moja ndefu. Kompyuta inatafuta namba hiyo kwenye orodha yake. Ikiikuta, pembeni yake zimeandikwa hatua ambazo watu walizicheza walipofika hapo, na kila hatua ina uzito wake. Kuna programu zinazokokotoa uzito huo kwa hesabu ya dukani: hatua iliyoleta ushindi inapewa alama mbili, iliyoleta sare inapewa moja. Halafu kompyuta inapiga kura, na yenye uzito mkubwa ina nafasi kubwa ya kuchaguliwa. Ndiyo maana hairudii mchezo uleule kila siku. Namba isipopatikana kwenye orodha, hapo wachezaji wanasema mashine "imetoka kitabuni", na hapo ndipo inaanza kuhesabu.

Sasa jiulize, nani alikijaza kitabu hicho?

Ken Thompson, Mmarekani mmojawapo wa walioanzisha Unix, alikuwa na mashine iliyoitwa Belle, iliyotwaa ubingwa wa dunia wa kompyuta za sataranji mwaka 1980. Thompson alikaa akachapa kwa mkono, mstari baada ya mstari, kutoka Encyclopaedia of Chess Openings, vitabu vitano vilivyoanza kutoka Yugoslavia miaka ya 1970, vyenye funguzi zilizogawanywa katika mafungu 500. Na vitabu hivyo vilitoka wapi? Vilitoka kwa watu walioketi mashindanoni na kalamu pembeni, wakiandika kila hatua yao na ya mpinzani wao, hata siku walizopigwa vibaya. Yaani nyuma ya "akili" ya Belle kulikuwa na makaratasi ya walioshindwa na walioshinda, na mtu mmoja mvumilivu wa kuchapa.

Chukua mfano ambao watu wetu wanaupenda zaidi, Deep Blue na Garry Kasparov, New York, Mei 1997. Kitabu cha Deep Blue kilikuwa na mipangilio kama 4,000 iliyoandaliwa kwa mkono na mabingwa wa kibinadamu, Joel Benjamin akiwa mbele yao. Nyuma yake kulikuwa na hazina nyingine iliyotokana na michezo 700,000 ya mabingwa. Kwenye mchezo wa sita na wa mwisho, tarehe 11 Mei, Deep Blue ilimtoa farasi wake sadaka kwenye hatua ya nane. Dunia ikashika mdomo: mashine imethubutu! Kasparov alisalimu amri kwenye hatua ya 19, na pambano likaisha 3½ kwa 2½. Lakini ile sadaka ilitoka kitabuni. Miguel Illescas, bingwa wa Hispania aliyekuwa kwenye timu hiyo, alikuja kusimulia miaka mingi baadaye kwamba walikuwa wameiingiza asubuhi ileile. Kwa hiyo pigo linaloimbwa duniani kote kama pigo la mashine lilikuwa limeandikwa na mtu kabla ya chakula cha mchana.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Kompyuta ilipata nguvu katika sataranji kwa sababu sataranji iliandikwa. Watu wa mchezo huo wana tabia ya kuandika iliyozidi miaka mia nne. Kuna ufunguzi maarufu unaoitwa Ruy López. Huyo alikuwa padri Mhispania aliyetoa kitabu chake mwaka 1561, miaka 32 kabla Wareno hawajaanza kujenga Fort Jesus pale Mombasa. Ufunguzi huo hakuubuni yeye, maana unaonekana kwenye mswada wa zamani zaidi, wa karibu mwaka 1490. Lakini padri ndiye aliyeuandikia kitabu kikasomwa, na mpaka leo mtoto wa Katwe, Kampala, akiucheza analitaja jina lake. Jina halikwenda kwa aliyecheza kwanza.

Sasa nakupeleka kwetu, Chonyonyo, Karagwe.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Ujanani alifundisha Tanga miaka kadhaa, akarudi Karagwe na vitu viwili ambavyo kijiji hakikuwa navyo: redio kubwa na bao la Kiswahili. Kete zake zilikuwa komwe halisi za pwani, 64, ndani ya kopo la maziwa ya unga. Jioni, kahawa ikishaanuliwa kwenye majamvi, alikuwa anaweka bao chini ya mwembe, na wazee wanaanza kuja mmoja mmoja. Wengine walitoka mpaka Kayanga kwa baiskeli. "Waitu, karibu ukae," anamwambia mgeni, rubisi inamiminwa, na sisi wajukuu tunajipanga nyuma kuangalia.

Kama hujawahi kucheza, mwanzo wa bao la Kiswahili uko hivi. Kila mchezaji ana safu mbili za mashimo manane. Kwenye safu ya mbele anaweka kete sita ndani ya nyumba, na kete mbili mbili kwenye mashimo mawili yanayofuata kulia kwake. Kete 22 zinabaki mkononi, na ataziingiza moja moja kila zamu inapofika. Kwa mpangilio huo hakuna shimo lako lenye kete linalotazamana na shimo la mwenzako lenye kete, hivyo hatua ya kwanza haili. Unatakasa tu. Na chaguo zako ni chache, vidole vya mikono miwili huvimalizi. Ukiangalia juu juu utadhani hakuna cha kufikiri hapo.

Babu alianza vilevile kila siku. Aliongeza kete kwenye shimo la pili kulia kwa nyumba, zikawa tatu, akazitawanya kwenda kulia: moja kichwani, mbili zikazunguka nyuma. Nikiwa darasa la sita nikamuuliza, "Babu, mbona kila siku unaanza hivyohivyo?"

"Mjukuu wangu," akasema bila kuinua macho, "kete iliyo nyuma hailiwi. Mwenye akiba nyumbani hakurupuki sokoni."

Nikacheka, nikaenda kuchunga mbuzi. Mzee alikuwa amenipa nadharia nzima ya ufunguzi, kwa sababu kweli katika bao la Kiswahili mpinzani anakula kete za safu yako ya mbele tu. Mimi sikuwa na kalamu.

Alifariki nikiwa mwaka wa pili chuoni, nasomea uandishi wa habari. Nilifika wameshazika. Tangu hapo nimejaza madaftari mengi sana. Nina bei za kahawa za misimu kadhaa, nina kauli za mawaziri ambao leo hata majina yao yamesahaulika, nina orodha ya waliofika kwenye semina ambazo hazikuwa na maana yoyote. Mchezo wa babu, hata mmoja, sina. Nakumbuka hatua yake ya kwanza tu. Alijibu vipi mpinzani alipokimbilia kushoto, alikuwa anaingia lini nyumbani, kwa nini yule mzee wa Kayanga alikuwa anamtesa kuliko wengine wote, hayo yote yamekwenda. Mwaka jana nilienda nyumbani, nikakuta bao juu ya kabati kwa mjomba. Nikahesabu kete. Zimebaki 57.

Kwa hiyo mtu anaposimama ukumbini na kutangaza kwamba kompyuta imeshindwa na bao, mimi nauliza, ungetaka idese kutoka wapi? Kitabu kiko wapi? Kazi kubwa iliyoandikwa juu ya umahiri wa mabingwa wa bao wa Zanzibar ni ya Mholanzi, Alex de Voogt, ya mwaka 1995. Programu ya bao ilielezwa na watafiti wa Maastricht, Uholanzi, mwaka 2002. Kumbe hata hilo la "imeishinda kompyuta" halikuwa kweli tangu zamani: programu zipo. Na ndugu za bao ziliishalainishwa kitambo. Kalah, mchezo wa mashimo na kete uliobuniwa Marekani, ulikokotolewa mpaka mwisho mwaka 2000 kwa mipangilio mingi ya kuanzia. Mwaka 2002 watafiti wa Amsterdam wakaumaliza ule wa Afrika Magharibi, awari, mipangilio zaidi ya bilioni 889, wakatoa jibu kwamba pande zote mbili zikicheza bila kosa ni sare. Bao la Kiswahili ni zito kuliko hiyo, sibishi. Lakini uzito si kinga ya milele.

Nasikia mtu akisema: tatizo liko wapi basi? Kama mashine haina kitabu chetu, haitatuweza, tukae salama.

Ndugu yangu, umechelewa. Desemba 2017, kampuni ya DeepMind ya London ilitoa taarifa ya programu iitwayo AlphaZero. Hii haikupewa kitabu hata ukurasa mmoja. Ilipewa sheria tu, ikacheza yenyewe na yenyewe mamilioni ya michezo, na baada ya saa chache tu za mafunzo ikawa imeipita Stockfish, programu iliyokuwa miongoni mwa kali kuliko zote. Na kilichonikosesha usingizi ni hiki: katika kujifunza kwake, ilipita kwenye funguzi zilezile ambazo wanadamu walizigundua kwa karne nyingi. Nyingine ilizipenda kwa muda ikazitupa, nyingine ikabaki nazo. Watafiti wakaweka jedwali: hii ni ile inayoitwa ya Kiingereza, hii ni ile ya Malkia, hii ni ya yule padri.

Waliwezaje kuzitambua? Kwa sababu zilikuwa na majina. Zilikuwa na majina kwa sababu ziliandikwa.

Sasa fikiria siku mtu wa mbali atakapoipa mashine ya namna hiyo sheria za bao, na hiyo siku haiko mbali. Itacheza usiku kucha. Asubuhi itatoa funguzi kumi bora. Mmojawapo, huenda, utakuwa wa kuongeza kete shimo la pili kulia kwa nyumba na kuficha mbili nyuma. Nani atasema, "Ngoja, huu ulikuwa wa mwalimu mmoja wa Chonyonyo"? Hakuna. Utapewa namba. Kitabu cha kwanza cha ufunguzi wa bao kitakuwa kimeandikwa na mashine ambayo haijawahi kukaa barazani, na wajukuu wetu watakisoma kujifunza mchezo wa babu zao. Sataranji iliwahi kuwa na waandishi kabla ya mashine. Sisi tutaanza na mashine.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Linasema bao ni mdomo, ni kejeli, ni kumkera mwenzako mpaka akosee. Ukiliandika unaliua. Wanaongeza kwamba hata sataranji iliumizwa na kitabu, na hapo wana haki. Wachezaji wanakariri hatua 20 za mwanzo, wanazimwaga bila kufikiri, na kila upande unasubiri mwenzake asahau. Bobby Fischer alichukizwa na hilo mpaka mwaka 1996 akapendekeza vipande vya nyuma vipangwe kwa bahati nasibu, mipangilio 960, ili kukariri kusimsaidie mtu. Hata mashindano ya kompyuta siku hizi, waandaaji ndio wanaozilazimisha kuanza na funguzi walizochagua wao, kila upande kwa zamu, la sivyo sare zingezidi. Na majirani zetu ng'ambo ya Mto Kagera, Uganda, kwenye omweso wao kila mchezaji anapanga kete zake 32 anavyotaka kabla mchezo haujaanza, kwa hiyo kukariri mwanzo mmoja hakukufikishi mbali.

Lakini angalia vizuri. Fischer alikikimbia kitabu kwa sababu alikijua chote. Huwezi kuchoka na chakula ambacho hakijawahi kupikwa. Tuandike kwanza, tuchoke baadaye.

Na nyie wapenzi wa fasihi, msijifanye hili haliwahusu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alilitungia bao shairi, na leo tunamsoma na kumnukuu kwenye makongamano. Tunamsoma kwa sababu baada yake alitokea Mwalimu Sikujua, aliyeyakusanya mashairi hayo kutoka kwenye kumbukumbu za watu na kumpa Taylor, mmisionari Mwingereza, yakaandikwa. Bila Sikujua, Muyaka angekuwa uvumi. Bao limepata mshairi, likapata na watafiti wa Ulaya. Sikujua wake bado hajazaliwa, na sisi tunaojiita walinzi wa fasihi simulizi tunashangilia ukimya wake kana kwamba ni ushindi.

Ninachotaka ni kidogo. Ukienda nyumbani likizo, iwe Makunduchi, Lamu, Ujiji au Karagwe, nunua daftari la kurasa 48. Kaa pembeni ya wazee. Yape namba mashimo ya mbele, moja mpaka nane kutoka kushoto kwa mchezaji, na kila hatua andika namba ya shimo na upande, kulia au kushoto. Andika jina la mchezaji akikuruhusu. Andika aliposhinda, na zaidi andika aliposhindwa. Michezo kumi tu. Muulize kwa nini ameanza hivyo, na akikujibu kwa methali usicheke ukaenda kuchunga mbuzi.

Naanza mimi. Mchezo wa Mwalimu, Chonyonyo, chini ya mwembe, jioni:

Hatua ya kwanza: saba, kulia.

Ya pili siikumbuki.